Kiu ya Gari Moshi

Anayepikia maji ya kisima cha chumvi anaijua sufuria yake. Baada ya wiki chache ndani kunajenga ukoko mweupe, mgumu, wa kukwanguliwa kwa kisu, na kadiri ukoko unavyonenepa ndivyo maji yanavyochelewa kuchemka. Sasa ichukue sufuria hiyo, irefushe iwe kama nyumba ya vyumba viwili, izibe pande zote, iwashie moto mkali mchana na usiku, kisha uitie maji ya jangwani. Boila la gari moshi lililovuka Arizona na California mwanzoni mwa karne ya 20 lilikuwa hivyo. Na mimi nikitafuta mahali historia ya treni za abiria za dizeli ilipoanza kweli, naanza na ukoko ule.

Reli ya Atchison, Topeka and Santa Fe, ambayo watu waliiita Santa Fe tu, ilitoka Chicago hadi Los Angeles, kilomita 3,580 hivi. Ikishamaliza milima ya New Mexico inaingia nchi kavu: Winslow, Seligman, Needles, Barstow. Needles ni mji wa joto la kuunguza, ukingoni mwa mto Colorado. Ukiuacha kuelekea magharibi uko ndani ya jangwa la Mojave. Maji ya visima vya huko yalikuwa na chokaa na magadi. Chokaa iliganda kwenye mabomba ya boila. Magadi yaliyafanya maji yatoe povu, na povu likiingia kwenye silinda mahali pa mvuke mkavu, treni inaishiwa nguvu na vyuma vinaweza kuvunjika. Kampuni ilijenga mitambo ya kusafisha maji, na pale yasiposafishika iliyaleta mazuri kutoka mbali kwa mabehewa ya matangi. Treni nzima inapakiwa maji, inavuka jangwa, kwa kazi moja tu ya kuzinywesha treni nyingine.

Angalia kwamba shida haikuwa moto. Upande wa magharibi Santa Fe ilikuwa imekwisha kuacha makaa ya mawe na kuchoma mafuta mazito. Vichwa vya mvuke vya abiria ilivyonunua mwaka 1938 vilikokota nyuma yao matangi ya lita 75,000 za maji na lita 26,000 za mafuta. Maji yalikuwa karibu mara tatu ya mafuta, na bado maji ndiyo yaliyotangulia kwisha.

Waliojenga reli ya kutoka Mombasa kwenda bara waliionja kiu hiyo hiyo. Kazi ilianza mwaka 1896, na nyika ya Taru ilipowameza, vibarua na injini walikunywa maji yaliyoletwa kwa treni kutoka nyuma. Gari moshi ni mnyama wa mtoni. Likipelekwa nyikani, mto lazima ulifuate.

Rudolf Diesel hakuwa akifikiria jangwa. Alizaliwa Paris mwaka 1858, akasomea uhandisi Munich, na kilichomsumbua ni jinsi injini ya mvuke ilivyopoteza sehemu kubwa ya joto lake hewani. Mwaka 1897, mjini Augsburg, injini yake ilifanya kazi sawasawa kwa mara ya kwanza. Kila fundi wa gereji anaijua siri yake: hewa inabanwa ndani ya silinda mpaka inakuwa moto kupita kiasi, kisha nozo inapuliza mafuta, nayo yanawaka yenyewe bila plagi. Hakuna maji ya kuchemsha. Yaliyomo ni ya kuipoza injini tu, na hayo yanazunguka humo humo.

Lakini injini hii ina kasoro ambayo mvuke hauna. Mvuke unasukuma hata gurudumu likiwa limesimama. Dereva akifungua bomba, pistoni inasukumwa tangu hatua ya kwanza. Dizeli lazima kwanza iwe inazunguka ndipo itoe nguvu. Ikiwa imesimama ni chuma kilicholala. Mwaka 1912 kampuni ya Sulzer ya Winterthur, Uswisi, pamoja na Diesel mwenyewe na mhandisi Adolf Klose, walimaliza kichwa cha treni kilichounga pistoni na magurudumu moja kwa moja. Ili kiondoke stesheni walikisukuma kwanza kwa hewa iliyoshindiliwa, na mafuta yakaanza kuwaka kilipokwisha kushika mwendo. Kilijaribiwa na kurekebishwa, na vita vya 1914 vikakikuta hakijafaa kitu. Diesel hakuuona mwisho wake. Usiku wa tarehe 29 Septemba 1913 alikuwa ndani ya meli Dresden kutoka Antwerp kwenda Harwich, na asubuhi hakuwamo tena.

Dawa ilikuwa umeme. Injini iachwe izunguke kwa raha zake, izungushe jenereta; umeme wa jenereta uende kwenye mota zilizofungwa kwenye ekseli; magurudumu yapate nguvu hata treni ikiwa haijasogea inchi. Waswidi walilijaribu mwaka ule ule wa 1913 kwa behewa dogo lenye injini yake ya nguvu za farasi 75. Mwaka 1924 Yuri Lomonosov alikamilisha Ujerumani kichwa kikubwa cha dizeli na umeme kwa ajili ya Urusi ya Kisovieti. Warusi walikipeleka wapi? Katika miaka ya 1930 walivikusanya vichwa vya ukoo huo Ashgabat, kwenye reli ya Asia ya Kati inayokatiza jangwa la Karakum. Huko nako maji yalikuwa ya kuletwa. Nilipolisoma hilo kwa mara ya kwanza nilisimama nikacheka kwa furaha, maana Mrusi na Mmarekani wa zama zile hawakuwa na mengi ya kuambiana, lakini jangwa liliwafundisha somo moja.

Kanada nayo ilikuja mapema. Novemba 1925 behewa lenye injini la Canadian National lilitoka Montreal hadi Vancouver, zaidi ya kilomita 4,700, kwa saa 67 za mwendo, na injini yake haikuzimwa njia nzima. Mwaka 1929 kampuni hiyo hiyo ilivuta treni ya abiria kati ya Montreal na Toronto kwa kichwa chake namba 9000, vipande viwili vilivyoungana, kila kimoja na injini ya Beardmore ya nguvu za farasi 1,330. Kilivuta. Ila injini zilikuwa nzito mno kwa nguvu zilizotoa, na mtikisiko wa reli ulizichosha. Kichwa namba 9000 kilifanya kazi yake ya mwisho ya maana wakati wa Vita Kuu ya Pili, katika treni ya kivita iliyolinda njia ya Prince Rupert, kisha kikakatwa chuma chakavu.

Uzito ndio uliobaki kuwa ukuta. Meli inabeba injini nzito bila kulalamika. Reli haivumilii kila mzigo. Mwaka 1930 General Motors ilinunua kampuni mbili za Cleveland: Winton, iliyotengeneza injini, na Electro-Motive ya Harold Hamilton, iliyojua kuuza mabehewa yenye injini kwa makampuni ya reli. Charles Kettering, mkuu wa utafiti wa General Motors, alitaka dizeli nyepesi, na jeshi la majini lilikuwa likiitaka pia kwa nyambizi zake. Ikatoka Winton 201A. Mwili wake haukusubuliwa bali ulichomelewa kwa bamba za chuma, na pistoni ilitoa nguvu kila ilipokwenda na kurudi, si kila baada ya mizunguko miwili. Mbili kati ya injini hizo za mwanzo ziliwekwa kwenye maonyesho makubwa ya Chicago ya mwaka 1933, zikizalisha umeme wa banda la General Motors. Zilikuwa na maradhi mengi, na mafundi walikesha wakizitibu ili mchana watu wazione zinanguruma.

Mmoja wa waliozitazama ni Ralph Budd, rais wa reli ya Chicago, Burlington and Quincy. Ulikuwa wakati wa mdororo mkubwa wa uchumi. Abiria walikuwa wamehamia kwenye magari na mabasi, na treni nyingi zilizunguka nusu tupu. Budd alikuwa amekwisha kuona Philadelphia kazi ya mtu aliyeshirikiana naye jina bila undugu, Edward Budd, ambaye kampuni yake iligundua namna ya kuchomelea chuma kisichoshika kutu bila kukiharibu. Aliunganisha mawili: bodi ya huyu na injini ya wale. Treni iliyozaliwa ilipewa jina la upepo, Zephyr.

Tuikaribie, maana inastahili. Ilikuwa na mabehewa matatu yaliyoshikana, kila mawili yakikalia gari moja la magurudumu. Urefu wake ulikuwa mita 60 hivi, na uzito wake wote, tani 90 hivi, haukuzidi sana behewa moja zito la kulala la siku zile. Ubavu ulikuwa wa mifereji midogo ya kulala, haukupakwa rangi kabisa, unang'aa kama sinia la siku ya harusi. Mbele pameinama kama paji la uso. Injini yake ilikuwa ya silinda nane, nguvu za farasi 600.

Tarehe 26 Mei 1934 iliamuliwa iende Denver hadi Chicago bila kusimama, kilomita 1,633, kutoka alfajiri hadi jioni, ambapo treni ya kawaida ilichukua saa 25 hivi. Usiku wa kuamkia safari, beringi ya mota moja ilikutwa imepasuka, ikabidi nyingine itafutwe usiku huo huo, na saa moja nzima ikapotea. Saa kumi na moja na dakika tano alfajiri, kwa saa za Denver, ikaondoka. Ndani mlikuwa na wakubwa wa reli, waandishi wa habari na punda mdogo aliyetolewa zawadi na gazeti moja la Denver, akapewa jina Zeph. Njia nzima, kila barabara ilipokata reli, alisimama mtu wa kuzuia magari, na treni nyingine zote ziliwekwa kando.

Katikati ya safari waya ulibanwa na mlango, ukaungua, na injini ikazimika. Inasimuliwa kwamba treni ilikuwa ikiserereka kwenye mteremko, mwendo ukipungua taratibu, wakati fundi mmoja aliposhika ncha mbili za waya kwa mikono yake akaziunganisha ili injini iwake. Mikono iliungua. Injini ikawaka. Kila nikifika hapa katika kisa hiki namkumbuka yeye kuliko wakubwa wote waliokuwa kwenye viti vya nyuma, maana treni ingesimama pale nyikani, magazeti ya kesho yake yangeandika kwamba dizeli imeshindwa, na huenda fedha za kujenga nyingine zisingetoka.

Jioni hiyo, saa moja na dakika kumi kwa saa za Chicago, Zephyr ilikata utepe. Saa 13 na dakika 5, wastani wa kilomita 125 kwa saa, na mahali fulani njiani iligusa 181. Ikaendelea hadi ukingoni mwa ziwa Michigan, kwenye jukwaa la maonyesho yale yale ambako injini zake ndugu zilinguruma mwaka uliotangulia, na watu wakaivamia kuishika.

Wajerumani walikuwa wametangulia kwa mwendo. Tangu Mei 1933 treni yao ya mabehewa mawili, Fliegender Hamburger, ilikuwa ikienda Berlin hadi Hamburg, kilomita 286, kwa dakika 138. Lakini hiyo na Zephyr zilikuwa na upungufu mmoja: injini na mabehewa ni kitu kimoja. Abiria wakizidi huwezi kuongeza behewa. Injini ikiugua, mabehewa nayo yanaingia karakana. Mwenye reli alihitaji kichwa peke yake, cha kufungwa leo kwenye treni hii na kesho kwenye ile, na mzigo ukizidi unafunga viwili, dereva mmoja akiviendesha pamoja.

Vichwa hivyo vilitoka mwaka 1935. Electro-Motive ilijenga vitano vya mfano mmoja, kila kimoja na injini mbili za Winton, jumla nguvu za farasi 1,800. Viwili vilikuwa vya kuonyeshea wateja. Kimoja, namba 50, kilikwenda reli ya Baltimore and Ohio kuvuta treni iliyoitwa Royal Blue, na chuma hicho kipo hadi leo kwenye makumbusho ya usafiri ya St. Louis. Sura yake ni ya sanduku tupu, haina uzuri wowote, lakini ukikitazama ujue kwamba vichwa vya dizeli vya abiria vilivyofuata Marekani vilitoka tumboni mwake. Viwili vilivyobaki vilinunuliwa na Santa Fe.

Tarehe 12 Mei 1936 viwili hivyo viliondoka stesheni ya Dearborn, Chicago, vikivuta treni mpya iliyoitwa Super Chief. Ratiba ilisema saa 39 na dakika 45 hadi Los Angeles. Treni bora ya mvuke ya kampuni hiyo ilitumia zaidi ya saa 50. Mlima wa Raton, mpakani mwa Colorado na New Mexico, una mita zaidi ya 2,300 kutoka usawa wa bahari, na reli inaupanda mwinuko wa mita tatu na nusu kwa kila mia. Huko ilibidi isaidiwe. Lakini baada ya milima likaja jangwa, na hapo ndipo tofauti ilipoonekana kwa macho. Treni ya mvuke ilipita kwenye nchi ile kwa kuhesabu matangi: hapa tunakunywa, pale tunabadilisha kichwa, kule boila litaoshwa. Super Chief ilisimama kwa mafuta na kubadilisha wafanyakazi, ikaondoka. Vile vile viwili vilivyotoka Chicago ndivyo vilivyoingia Los Angeles.

Mwaka uliofuata injini mpya zilikuja zikiwa na uso mrefu wa mviringo, kutoka kiwanda kipya cha Electro-Motive kilichokuwa La Grange, nje kidogo ya Chicago. Watu wa reli waliziita za herufi E. Leland Knickerbocker, mchoraji wa General Motors, alizipaka za Santa Fe nyekundu puani, wekundu ukirudi nyuma juu ya fedha kama kilemba cha manyoya cha chifu wa Wahindi Wekundu. Sijaona kichwa cha treni kilichopakwa vizuri kuliko hicho, popote.

Mahali pengine vichwa vya dizeli vilikwenda kwa sababu nyingine. Burlington ilivitumia kulala na kuamka kati ya Chicago na Denver tangu Novemba 1936, kwa treni ya saa 16. Seaboard Air Line ilivipeleka Florida mwishoni mwa 1938, kwenye treni ya watalii iliyowakimbiza matajiri wa New York kutoka kwenye theluji hadi kwenye machungwa, na mshindani wake, Atlantic Coast Line, alinunua vyake mwaka uliofuata. Walioshikilia mvuke walikuwa hasa wale ambao makaa ya mawe ndiyo yaliyowalisha. Pennsylvania Railroad, iliyokuwa kubwa kuliko zote kwa abiria, ilijenga vichwa vipya vya mvuke hata baada ya vita, na Norfolk and Western haikuzima moto hadi 1960. Baltimore and Ohio ilibeba makaa pia, na bado ilikuwa mbele. Kwa hiyo usichukue kanuni hiyo kama sheria ya Musa.

Hapa kuna jambo ambalo vitabu vingi hulipita haraka, nami sitalipita. Dizeli iliondoa maji, lakini abiria aliyarudisha. Mabehewa ya Marekani yalipashwa joto kwa mvuke uliotoka kwenye boila la kichwa na kupita chini kwa bomba. Boila likiondoka, majira ya baridi abiria wa Chicago wataganda. Basi nyuma ya kila kichwa cha dizeli cha abiria, nyuma ya injini zake mbili, paliwekwa boila dogo linalochoma mafuta yale yale, na tangi la maji. Ndiyo tofauti kubwa kati ya kichwa cha abiria na cha mizigo: cha mizigo hakina cha kuchemsha. Na boila hilo dogo lilikuwa na tabia zote za babu yake. Lilitaka maji laini, lilishika ukoko, lilizimika usiku wa theluji.

Tena lilitaka mtu wa kuliangalia. Kwenye kichwa cha mvuke walikuwa wawili, dereva na mchochea moto. Dizeli ilipoingia, wenye reli waliuliza mchochea moto atachochea nini, na vyama vya wafanyakazi vikajibu kwa kuonyesha ukubwa wa mashine, usalama wa njia na hilo boila. Mwaka 1937 yalifikiwa makubaliano ya nchi nzima kwamba kwenye vichwa vya dizeli atakuwepo mtu wa pili. Kazi ya koleo, jasho na masizi ikageuka kazi ya kukaa kwenye kiti, dirisha likiwa wazi, nguo safi.

Na hapo ikawa kazi ya kugombaniwa. Majimbo ya kusini, uchocheaji moto ulikuwa kwa miaka mingi kazi ya watu weusi, kwa sababu weupe wengi hawakuutaka, na kwa sababu mweusi hakuruhusiwa kupanda akawa dereva. Chama cha wachochea moto hakikumpokea mweusi kama mwanachama, ingawa kwa sheria ndicho kilichomsemea. Machi 1940 chama hicho kilizipelekea reli 21 za kusini mashariki barua kikitaka mikataba ibadilishwe kwa namna ambayo mwishowe ingewaondoa watu weusi wote kwenye uchocheaji. Februari 1941 kilikubaliana na wenye reli kuweka kikomo cha idadi ya wachochea moto weusi.

Bester Steele alikuwa mchochea moto mweusi wa reli ya Louisville and Nashville, katika kundi la treni za abiria lenye weusi watano na mweupe mmoja. Aprili 1941 nafasi za kundi lile zilitangazwa kuwa wazi, zikajazwa na weupe waliomzidi kwa rangi tu, wakiwa nyuma yake kwa miaka ya kazi. Alikaa siku 16 bila kazi, kisha akapewa treni za mizigo, kazi nzito na malipo duni. Alikwenda mahakamani. Wakili wake, Charles Hamilton Houston, ndiye aliyemfundisha sheria Thurgood Marshall. Mahakama za Alabama zilimkatalia. Tarehe 18 Desemba 1944 Mahakama ya Juu ya Marekani ikamkubalia: chama kilichopewa na sheria mamlaka ya kuwasemea wafanyakazi wote hakina ruhusa ya kuyatumia dhidi ya baadhi yao kwa ajili ya rangi. Hukumu haikukilazimisha chama kuwapokea weusi, na nafasi zilizokwisha kupotea hazikurudi kwa urahisi. Lakini msingi huo unatumika katika sheria za kazi za Marekani mpaka leo, na ulichimbwa na mtu aliyekuwa akitetea nafasi yake kwenye treni ya abiria.

Vita vilisimamisha kila kitu. Mwanzoni mwa 1942 serikali iliagiza vichwa vya dizeli vya abiria visijengwe tena. Chuma na injini viliendea nyambizi na treni za mizigo. Santa Fe ilipata vya mizigo kwa wingi kuliko reli nyingine yoyote, na unaweza kubahatisha ilikovipanga kwanza: kati ya Winslow na Barstow. Vita vilipokwisha kiwanda cha La Grange kilifunguliwa kama lambo lililopasuka. Mfano wa E7 peke yake, kati ya 1945 na 1949, ulifika vichwa 510. Hata Pennsylvania ilipanga foleni.

Afrika Mashariki ilisubiri. Shirika la reli la eneo lote lilikuwa limenunua mwaka 1955 na 1956 injini za mvuke 34 aina ya Garratt, za daraja la 59, kutoka kiwanda cha Beyer Peacock, Manchester, zenye majina ya milima, na mbili kati yake, Mount Gelai na Mount Shengena, zipo kwenye makumbusho ya reli Nairobi. Simama kando ya mojawapo. Mbele ya boila kuna tangi la maji, nyuma yake tangi lingine, na mashine nzima ina tani 252. Zilichoma mafuta, si makaa, kama zile za Arizona. Moto ulikuwa umekwisha kurahisishwa, ila kiu ilikuwa ile ile. Vichwa vya kwanza vikubwa vya dizeli, vya English Electric, vilifika mwaka 1960. Lugha haikujisumbua kufuata. Injini isiyo na mvuke iliendelea kuitwa gari moshi.

Kule Marekani maji yalikataa kutoka kwa miaka mingi zaidi. Treni za abiria zilipokabidhiwa shirika la Amtrak mwaka 1971, mabehewa yalikuwa bado yanapashwa joto kwa mvuke, na vichwa vipya vya dizeli vilivyoagizwa mwaka 1973 vilikuja na boila ndani yake, karibu miaka 40 baada ya Super Chief ya kwanza. Katika baridi kali ya Januari 1977 mabomba yaliganda na safari kadhaa zikafutwa. Kufikia hapo kilikuwa kimekwisha kuletwa kichwa cha aina nyingine, kinachopeleka umeme nyuma mahali pa mvuke, kwa taa, kwa majiko na kwa joto. Mabehewa ya ghorofa yaliyotengenezwa kwa umeme huo yaliwekwa kwenye njia ya zamani ya Santa Fe mwanzoni mwa miaka ya 1980, na boila la mwisho likateremshwa.

Treni inayopita hapo sasa inaitwa Southwest Chief. Ikitoka Chicago hufika Needles baada ya saa sita usiku, joto likiwa bado halijapungua. Inashusha watu wachache na mizigo yao, inapakia wachache, dereva anapewa ishara. Kisha inaingia Mojave.